Unga Ulikuwa Unakwenda Wapi?

Kibanda cha chipsi mayai kina taka mbili ambazo mtu aliyesoma kemia kidogo hawezi kuzitazama bila kupata wazo. Kuna mafuta yaliyokaangiwa mpaka yakawa meusi na mazito, na kuna maganda ya mayai, ndoo nzima kila jioni. Mafuta hayo ukiyachanganya na methanoli unaweza kuyageuza kuwa dizeli. Maganda nayo ukiyachoma kwa moto mkali yanakuwa chokaa, na chokaa hiyo ndiyo inayochochea mgeuko wenyewe. Taka zote mbili zinatoka kwenye meza moja, na kinachopatikana kinaendesha mashine ya kusaga.

Kijana ninayetaka kuwasimulia habari zake alilipata wazo hilo mjini Morogoro. Aliwahi kufundisha kemia sekondari, na majirani wanamwita Mwalimu hadi leo. Amekubali niyaeleze yaliyompata ili wengine wasiyarudie, ila jina lake nimelihifadhi. Naandika kwa uchungu, maana Mwalimu hakuwa mzembe. Alisoma, alipima, aliandika kila kitu kwenye daftari. Nilipolipitia daftari hilo niliona mahali pengi ambapo mimi na wewe tungepita njia ileile aliyopita yeye, tena kwa moyo mweupe.

Wazo lenyewe ni zuri na lina historia. Mwaka 1937 Mbelgiji G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipata hataza ya kugeuza mafuta ya mimea kuwa mafuta ya injini. Alitumia mawese kutoka Kongo, na mwaka uliofuata basi la abiria lilitembea kati ya Brussels na Leuven kwa mafuta hayo. Kinachofanyika ni hiki: mafuta ya kupikia yana minyororo mitatu ya asidi iliyoshikamana na gliserini. Alkoholi kama methanoli huiachanisha minyororo hiyo na gliserini, kisha hujishikiza kwayo yenyewe. Gliserini, kwa uzito wake, huzama chini. Juu hubaki kimiminika chepesi chenye rangi ya asali, na hicho ndicho dizeli ya mimea.

Kazi hiyo inahitaji kichocheo. Wengi hutumia kostiki iliyoyeyushwa ndani ya methanoli. Inafanya kazi haraka, lakini inabaki ndani ya dizeli, hivyo lazima dizeli ioshwe kwa maji mengi, na maji hayo machafu yatafutiwe pa kwenda. Chokaa ya maganda inaleta ahadi ya kuvutia zaidi. Ni kitu kigumu, hakiyeyuki, kwa hiyo unakichuja, unakitumia tena, na huna haja ya kuosha. Ahadi hiyo si uongo. Mwaka 2006, katika mji wa Sète huko Ufaransa, kilianza kazi kiwanda kinachotumia kichocheo kigumu cha zinki na alumini kwa teknolojia ya taasisi ya petroli ya nchi hiyo, IFP. Lakini kiwanda kile kinalishwa mafuta yaliyosafishwa na kukaushwa, na kinafanya kazi katika joto la nyuzi 200 hivi chini ya shinikizo kubwa. Mwalimu alikuwa na pipa, jiko la mkaa na mafuta ya chipsi.

Mkupuo wake wa kwanza aliutengeneza kwa alizeti mpya ya dukani. Maganda aliyachoma kwa mhunzi, kwenye moto wa kuvukuta, mpaka yakawa meupe pepe. Akayatwanga, akayatumia siku hiyohiyo. Matokeo yalikuwa mazuri mno. Gliserini ilizama vizuri, dizeli ikawa angavu, na mashine yake ya kusaga ikanguruma kutwa nzima bila kikwazo. Furaha ile alistahili kuwa nayo. Tatizo ni kwamba mkupuo ule, wa mafuta safi na chokaa mbichi ya saa ileile, ndio uliomfanya aamini kuwa njia yake imethibitishwa. Kuanzia hapo alibadilisha mafuta, akabadilisha namna ya kutunza chokaa, lakini imani hakuibadilisha.

Chokaa aliihifadhi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko usiobana, na msimu ulikuwa wa masika. Chokaa inayotoka motoni ina kiu. Inavuta unyevu hewani ikawa chokaa iliyozimwa, na inavuta hewa ya ukaa mpaka inarudi kuwa kitu kilekile ganda lilivyokuwa kabla ya kuchomwa. Mafundi waashi wa pwani wanaizima chokaa ya matumbawe kwa makusudi, na kwa ujenzi hiyo ndiyo iliyo bora. Kwa kazi ya dizeli imekufa. Mwaka 2007 watafiti wa Hispania wakiongozwa na M. López Granados walionyesha kuwa dakika chache tu za kukaa kwenye hewa ya kawaida zinatosha kuanza kuiharibu, na kwamba kuirudishia nguvu kunahitaji kuichoma tena kwa nyuzi 700. Mwaka 2008 Masato Kouzu na wenzake wa Japani walizilinganisha kwa mafuta ya soya: kwa saa moja, chokaa mbichi iligeuza asilimia 93 ya mafuta, chokaa iliyozimwa asilimia 12, na ile iliyorudi kuwa jiwe haikugeuza chochote.

Ndoo ya Mwalimu ilimwonya mapema. Siku ya kwanza alipodondoshea maji kwenye kijiko cha unga wake, unga ulichemka na kijiko kikaunguza vidole. Wiki kadhaa baadaye alirudia, na unga ukalowa tu, baridi, kama unga wa sembe. Hilo liko kwenye daftari kwa mwandiko wake. Pembeni ameandika kwamba labda kuku waliotaga mayai yale wana maganda hafifu. Inawezekana kabisa maganda yakatofautiana. Lakini kujua ukweli kulihitaji kuchoma tena konzi moja ya unga uleule na kuudondoshea maji, jambo la nusu siku. Hakulifanya. Aliongeza kipimo cha unga.

Naomba msomaji asimame hapa kidogo, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yana sura hii. Kila dalili iliyomjia Mwalimu aliipatia maelezo. Na maelezo yake hayakuwa ya kubuni. Karibu yote yalikuwa mambo ya kweli aliyoyasoma mahali. Yalikuwa ya kweli kwa watu wengine. Kwake hakuyapima.

Chukua suala la unga kupungua. Maandishi yalimwahidi kwamba kichocheo kigumu hutumika tena na tena. Lakini kila alipochuja, unga uliorudi ulikuwa mchache kuliko uliokwenda, na ulikuwa umegandamana, unanata vidoleni. Mkupuo wa tatu aliongeza konzi moja. Wa nne, mbili. Daftari linasema: unapotea kwenye kitambaa cha kuchujia. Ni kweli kitambaa hubaki na unga. Lakini kitambaa kilekile kilipotumika kwa alizeti hakikula unga kiasi hicho. Kilichokuwa kimebadilika ni mafuta. Sasa alikuwa akinunua ya vibandani, kwa dumu, yenye harufu kali inayokaa kooni.

Mafuta yanayokaangiwa siku nyingi, kwa viazi vyenye maji, huvunjika yenyewe na kutoa asidi huru. Asidi hiyo haisubiri methanoli. Inaikimbilia chokaa, na zikikutana zinafanya sabuni na maji. Maji yanakwenda kuizima chokaa iliyobaki. Sabuni inaingia ndani ya dizeli. Unga wa Mwalimu haukuwa ukipotelea kitambaani. Sehemu yake kubwa ilikuwa ikiyeyuka kuelekea kwenye injini.

Kouzu na wenzake waliliona jambo hili kwa macho. Baada ya soya walijaribu mafuta yaliyotumika jikoni, yenye kiwango cha asidi cha miligramu 5.1 kwa gramu, kiwango ambacho kwa mafuta ya vibandani kwetu si cha ajabu hata kidogo. Baada ya saa mbili walipata dizeli zaidi ya asilimia 99. Ukiishia hapo unashangilia. Lakini walipima pia kalsiamu iliyoingia ndani ya dizeli. Kwa mafuta safi ilikuwa sehemu 187 kwa milioni. Kwa mafuta ya jikoni ilipanda hadi 3,065. Viwango vya Marekani na vya Ulaya vinaruhusu kalsiamu na magnesiamu kwa pamoja zisizidi 5.

Namba hizo mbili, 99 na 3,065, zilikuwa ndani ya makala moja. Mwalimu alikuwa ameisoma. Ya kwanza ameinakili kwenye daftari na kuizungushia duara. Ya pili haimo. Simlaumu, maana nami najijua: nikisoma jambo ninalolitamani, jicho langu hukimbilia linaponipa ruhusa ya kuendelea. Ndiyo maana nasema tusomeane. Mpe mwenzako makala uliyoipenda, mwambie akutafutie humo sababu ya kuacha.

Alikuwa na kipimo kimoja alichokitegemea, na ni kipimo halali: mililita 3 za dizeli ndani ya mililita 27 za methanoli. Kama kuna mafuta ambayo hayajageuka, yanatulia chini. Chupa yake haikuonyesha kitu chini, akafurahi. Kipimo kile kinajibu swali moja tu, kama mafuta yamegeuka. Hakikujibu kama dizeli ni safi, na hakikuumbwa kulijibu.

Kulipopambazuka siku za Juni, zenye kibaridi, dizeli yake ilikuwa na ukungu mweupe. Akasema ni mawese, kwa kuwa mafuta mengi ya vibandani ni ya mawese na dizeli yake huganda upesi kwenye baridi. Kweli tupu. Lakini ukungu wa baridi huondoka jua likipanda. Wake ulikuwepo hata saa nane mchana, na chini ya dumu kulikuwa na tabaka la kijivujivu, laini, lililokwenda pamoja na dumu ukiliinamisha.

Kisha filta ya mashine ya kusaga ikaziba. Akabadilisha. Ikaziba tena baada ya muda mfupi kuliko wa kwanza. Fundi wake, mzee aliyezitengeneza injini za dizeli tangu ujana wake, aliipasua filta ile, akampaka kidoleni kilichokuwa ndani.

“Mwalimu, hii si takataka ya tangi,” alimwambia. “Ya tangi huwa nyeusi, ina kutu. Hii nyeupe, inateleza. Hebu nusa mwenyewe.”

“Mzee, dizeli ya mimea husafisha matangi ya zamani,” Mwalimu alimjibu kwa heshima. “Filta za mwanzo lazima zizibe. Zitatulia.”

Na hili nalo ni kweli, linajulikana kwa kila anayetumia mafuta haya. Dizeli ya mimea hulainisha uchafu wa miaka na kuupeleka kwenye filta. Lakini uchafu huo una mwisho, na rangi yake ni kama alivyoisema mzee. Filta zake ziliziba kwa kasi iliyozidi kuongezeka, na zote zilitoka na grisi nyeupe. Ni jamaa wa utando unaobaki kwenye beseni ukifulia kwa maji ya kisima yenye chumvichumvi: kalsiamu iliyokutana na asidi ya mafuta. Sabuni hii haiyeyuki majini, kwa hiyo hata kama Mwalimu angeiosha dizeli yake kwa maji matupu isingetoka yote. Mzee aliigundua kwa pua na kidole. Hakuwa na neno la kikemia la kuiita, na kwa sababu hiyo hakusikilizwa. Hapa ndipo panaponiuma zaidi katika habari nzima. Tuliosoma tuna deni kubwa kwa mafundi wetu, na deni lenyewe ni kuwauliza swali la pili kabla ya kuwajibu.

Mashine ya kusaga ilivumilia. Injini yake ni ya zamani, ya mwendo wa polepole, na nozeli yake inafunguliwa kwa spana mbili na kusafishwa kwa mafuta ya taa. Uvumilivu ule ndio uliomponza. Shemeji yake ana Hiace ya abiria yenye injini ya kisasa, ambayo pampu yake husukuma dizeli kwa shinikizo kubwa mno kupitia matundu membamba sana, na inategemea dizeli hiyohiyo kulainisha vyuma vyake.

“Tia tu, shemeji,” Mwalimu alimwambia. “Mashine yangu inakunywa hayahaya.”

“Haya, shemeji. Mradi isinizimikie njiani na watu wa watu.”

Ilizimika ikiwa imepita Dakawa, kuelekea Dumila, imejaa abiria. Tunamshukuru Mungu ilipungua nguvu polepole na dereva akapata nafasi ya kutoka barabarani. Lori lililokuwa nyuma likapita. Nozeli zilikuwa zimeganda na pampu imekwaruzika. Gharama ya matengenezo ilimeza mapato ya msimu mzima wa kusaga, na kwa miezi mingi ndugu wawili hawa hawakukaa meza moja.

Kipimo ambacho kingeyazuia yote haya kinafanyika jikoni, na nakieleza kwa kina kwa sababu nataka kifanyike. Yeyusha gramu 1 ya kostiki katika lita 1 ya maji yaliyotoneshwa, ukivaa glavu na miwani. Chukua mililita 1 ya mafuta yako, iyeyushe katika mililita 10 za spiriti ya isopropili, tia chembe ya manjano ya kupikia iliyorowekwa kwenye spiriti hiyo. Kisha dondosha maji yale ya kostiki kwa sirinji, kidogokidogo, ukitikisa, mpaka umanjano ugeuke wekundu wa matofali na ubaki hivyo nusu dakika. Soma sirinji imetumia mililita ngapi, ukitoa zile zinazohitajika kuigeuza spiriti peke yake bila mafuta. Mafuta mapya hutumia kiasi kidogo mno, chini ya mililita 1. Yale ya Kouzu, yaliyotoa kalsiamu 3,065, kwa hesabu yangu yangetumia mililita 3 na kitu. Mwalimu alipokuja kuyapima ya vibandani baada ya ajali ile, mengi yalipita hapo.

Basi ukiona namba kubwa, usitie chokaa. Ongea na kina mama wanaopika sabuni ya kufulia; asidi huru haiwasumbui, na kwao mafuta hayo ni mali. Namba ikiwa ndogo, bado yakaushe mafuta kwa kuyachemsha kupita nyuzi 100 mpaka yaache kutoa mapovu, na chokaa itoke motoni ikiingia kwenye chombo kisichopitisha hewa. Pima uzito wa unga kabla na baada, ukiwa umeuosha na kuukausha. Unga ukipungua jiulize umekwenda wapi, na usitengeneze mkupuo mwingine kabla hujapata jibu. Gari la mtu lisiwe maabara yako kamwe.

Siwezi kuacha kusema habari ya methanoli, ijapokuwa kwa Mwalimu haikuleta msiba. Mapishi ya chokaa hutaka methanoli nyingi. Wengi hufuata uwiano unaofikia karibu lita 50 kwa lita 100 za mafuta, mara mbili ya ule wa kostiki. Inachemka kwenye nyuzi 65, na mvuke wake hushika moto hata kwenye nyuzi 12, maana yake katika miji yetu karibu yote unaweza kushika moto karibu saa yoyote. Moto wake mchana hauonekani vizuri. Unaweza kuuingiza mkono kabla hujaujua. Mwalimu alikuwa akipasha mchanganyiko huo juu ya jiko la mkaa. Methanoli iliyobaki aliiweka kwenye chupa za maji ya kunywa, chumba alicholala mwanawe. Watu wa Kenya hawajasahau Mei 2014, pombe iliyotiwa methanoli ilipoua makumi ya watu Embu, Kitui na kwingineko, na kuwapofusha wengine. Kwa Tanzania, kuishika kemikali hii kunaongozwa na Sheria ya mwaka 2003 ya Kemikali za Viwandani na Majumbani, na wa kumwona ni Mkemia Mkuu wa Serikali. Mwone kabla hujanunua dumu la kwanza. Usipashe kwa moto wa wazi, usiitie kwenye chupa ya kinywaji, usiiingize kabisa nyumbani wanamolala watu.

Mwalimu bado anatengeneza. Amehamishia kazi kwenye banda lililo wazi pande zote, mbali na nyumba, anapasha kwa maji ya moto yaliyochemshiwa kwingine, na amerudi kwenye kostiki na kuosha. Anapokea madumu mawili tu kati ya kila matano anayoletewa. Matatu anayakataa palepale kwa sirinji na manjano, na wauza chipsi wameanza kumwuliza kwa nini. Filta anampelekea mzee aipasue kila inapobadilishwa, hata isipoziba.